Usinichekeshe Kabla ya Ndoa

— Usinichekeshe, Baba Aimée.

Célestine alisema hivyo akiwa amelala chali kitandani, vipande viwili vya konkombre, yaani tango, vimefunika macho yake, midomo haifunguki sawasawa. Ilikuwa bado mchana. Musafiri, mume wake, ndiyo kwanza ameingia, buti zimejaa vumbi la barabara ya Kabambare na hadithi imemjaa kifuani tangu Lusangi.

— Bado sijafika pa kuchekesha, alisema. Sikiliza kwanza. Nimebeba mutu wa Lusangi, anapeleka mbuzi kwa wakwe zake hapa Kasongo. Juzi hiyo, ile siku ya mvua. Mutu akaogopa: mbuzi ikifika na homa, wakwe wataikatala. Akavua koti yake ya mvua, akavalisha mbuzi. Akavua na kofia, akavalisha mbuzi. Yeye mwenyewe iko nalowa tu. Tukafika kwa wakwe. Mama mukwe akatoka. Unajua mama mukwe hatazamangi mukwe wake usoni. Akageuza uso kule, akapiga magoti mbele ya ile kofia...

— Nimesema acha.

Kipande kimoja cha konkombre kilimteleza mpaka shingoni. Alikiokota kwa kupapasa, akakirudisha mahali pake.

— Hautaki kujua mbuzi ilijibu nini?

— Sitaki.

Musafiri alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kufungua kamba za buti bila haraka. Huyu ni mtu anayebeba abiria kwa pikipiki kati ya Kasongo, Kabambare na Salamabila. Wengine wakirudi safari huleta samaki au kitenge. Yeye huleta hadithi, na miaka yote mke wake ndiye aliyekuwa akizipokea mlangoni, akicheka kabla hazijafika mwisho. Leo mke amekataa mwisho wa hadithi. Tangu amwoe, hilo halijawahi kutokea.

— Chakula iko? aliuliza.

— Aimée atakuletea.

Hapo ndipo lilipomchoma. Kwetu sisi mwanamke akichoka na mume hapigi kelele. Anaacha tu kumpakulia kwa mkono wake. Sahani ikianza kuletwa na mtoto, mwanaume mwenye akili hupoteza hamu ya kula, maana anajua kinachofuata ni wazee wa pande mbili kutafutana. Basi Aimée, binti yao mkubwa aliyekuwa anamaliza shule, akaingia na bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka mezani, akamtazama baba yake kwa huruma, akatoka bila kusema neno.

Ninyi mnaosoma, msimhukumu Célestine haraka. Ngoja niwaambie.

Hawa wawili walioana kimila zamani, mbuzi zikatolewa, wazee wakakubali, watoto wakazaliwa. Kanisani hawakuwahi kufunga, na asiyefunga huko hapokei komunyo, ule mkate mtakatifu. Miaka yote hiyo, wenzake wakienda kupokea komunyo, Célestine alikuwa anabaki benchi akipanga panga kitenge chake kana kwamba kuna kitu kimeanguka. Na picha hawakuwa nayo hata moja ya siku yao. Mwaka huu Musafiri mwenyewe ndiye aliyesema: twende kwa Abbé, padri wetu, tufunge. Célestine alilia kwa furaha. Tarehe ikapangwa, matangazo yakaanza kusomwa Jumapili baada ya Jumapili, na kitambaa kikapelekwa kwa fundi.

Ni kwa fundi mambo yalipoharibikia. Pascaline, dada mkubwa wa Musafiri, alikuwa ameshuka kutoka Kabambare kusaidia kuchagua mshono. Pascaline si mtu mbaya. Ulimi wake tu hauna breki.

— Mama Aimée, kitambaa ni kizuri, alisema. Lakini ile foto itakaa ukutani miaka na miaka. Watu watauliza: huyu mama pembeni ya Musafiri, ni muke wake ao ni mama yake?

Wote walicheka, fundi pia. Célestine naye alicheka, maana hilo la kuwa amemtangulia mume wake kuzaliwa lilikuwa utani wa zamani. Lakini kioo cha fundi kilikuwa mbele yake. Akaona macho yake yanavyokunjana pembeni akicheka, kama kitenge kilichotolewa mfukoni. Kicheko kikamkauka palepale.

Jioni alimwita Aimée.

— Tafuta kwa telefone yako, dawa ya mistari ya macho. Ya asili. Ile ya kuchubua sitaki.

Aimée akatafuta, akapata sauti moja iliyokuwa inazunguka WhatsApp. Sauti ya mama fulani, tamu, yenye uhakika wote wa dunia:

«Wamama, hapana poteza franga kwa krimu. Kunywa maji mingi. Lala ya kutosha, na ulale chali, sababu mto unakunjaka uso. Weka konkombre ya baridi kwa macho. Paka maji ya alovera, ao avoka yenye kuiva. Kaa mbali na moshi na jua, hapana kunja macho. Na kitu kimoja munasahau, wamama: kila kicheko inaongeza mustari. Mwenye kutaka macho laini, apunguze kucheka.»

Célestine aliirudia mpaka akaijua kama sala. Na ukweli ni kwamba mengi ya yule mama hayakuwa na ubaya. Mwanamke anayekaanga mandazi kila asubuhi mbele ya mlango, moshi unamwingia machoni na jua linamkuta hapohapo, akisogea pembeni kidogo, akinywa maji, akilala vya kutosha, anajisaidia. Tatizo la Célestine ni kwamba yeye hajui kufanya kitu nusu. Mandazi akamwachia Aimée. Jiko akamwachia Aimée. Alovera ya nyuma ya nyumba ikakatwa mpaka ikabaki vijiti. Na kicheko akakifungia.

— Mama, Aimée alimwambia siku moja akigeuza mandazi, konkombre ni sawa. Na moshi nakubali. Lakini kuacha kucheka, ile ni dawa gani?

— Ni ya bure.

— Umuambie papa basi, ajue.

— Nimuambie nini? Kwamba nimeanza kuzeeka, anisaidie kuhesabu? Mwanamuke hasemangi vile anajipamba. Ataona siku ya foto. Ndoa ikipita nitacheka yote, hata ile ya zamani.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote kuhusu mtu anayeogopa kujibiwa. Musafiri hakuuliza. Alirudi barabarani.

Kutoka Salamabila, alipokwisha kushusha abiria wake, alipiga simu.

— Allo, Mama Aimée.

— Niko.

— Hapa kuna mutu ameuza jogoo yake, jogoo imerudi nyumbani mara mbili. Sasa anataka kuiuza mara ya tatu, na mununuzi ni ule ule.

Musafiri alisogeza simu karibu zaidi na sikio.

— Unanisikia?

— Nakusikia.

— Na hauko nacheka?

— Safari njema, Baba Aimée.

Simu ikakatika. Musafiri aliitazama kana kwamba ndiyo yenye makosa. Hakuona kilichokuwa kinatendeka Kasongo: mke wake amejiminya paja kwa kucha, shavu limejaa hewa, machozi yanamtoka kwa ajili ya yule jogoo.

Basi akampigia dada yake mkubwa Kabambare, yule anayemwita yaya.

— Yaya Pascaline, muke akiacha kucheka, ile ni alama ya nini?

— Inategemea. Anakupakulia?

— Mutoto ndiye analeta.

Pascaline alivuta pumzi.

— Musafiri, mwanamuke hawezi kukaa bila kucheka. Kama hacheki na wewe, anacheka na mwingine.

Niliwaambia kuhusu breki.

Siku mbili Musafiri alizunguka na neno hilo. Alibeba watu, akasahau kuwasimulia chochote, mpaka abiria mmoja akamuuliza kama ni mgonjwa. Mwishowe, akiwa Lusangi akingojea matope yapungue, aliandika ujumbe, akafuta, akaandika tena, akatuma:

«Mama Aimée, naona moyo wako umetoka. Kama hautaki tena hii ndoa, uniandikie tu SAWA, nitajua. Sitakufanyia fujo. Mimi nilikuwa nakutaka mupaka mwisho.»

Célestine alikuwa amekaa kivulini, tabaka mbili za avoka, yaani parachichi, zinakauka chini ya macho. Simu ikalia. Sasa, kwa umri wake, herufi ndogo za simu hazisomeki bila kukunja macho, na kukunja macho kumekatazwa. Aimée alikuwa shuleni. Célestine aliinyoosha simu mbali, akaona ukungu wenye jina la Musafiri juu yake. Ujumbe wa mume wake wakati wa safari ulikuwa mmoja siku zote: nimefika muzuri. Mtu anajibu nini? Kidole kikaenda chenyewe mahali kilipozoea.

«Sawa.»

Jumapili ya tangazo la mwisho kanisa lilijaa. Musafiri alirudi Jumamosi jioni, akasema amechoka, akalala kwa rafiki yake. Asubuhi alikuja peke yake, akakaa upande wa wanaume, shati limepigwa pasi vibaya. Célestine alikuwa upande wa pili, uso laini kama yai lililomenywa, anatazama mbele. Alijiambia mume wake anaona haya ya ndoa, kama kijana. Moyoni alifurahi.

Baada ya komunyo, katekista Faradji alipanda kusoma matangazo.

— Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Musafiri wa kwetu hapa na Célestine wa kwetu hapa wanataka kufunga ndoa takatifu. Mwenye kujua kizuizi, aseme.

Alikuwa amekwisha kugeuza ukurasa. Tangu awe katekista hakuna aliyewahi kumjibu. Alipoinua macho, mkono ulikuwa juu.

— Papa Musafiri, hii tangazo ni yako mwenyewe.

— Najua, katekista. Niko na kizuizi.

Célestine alishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili.

Abbé Yves alimaliza misa kwa utulivu, akawaita wote wawili sakristia, chumba cha padri nyuma ya altare. Faradji akafuata, maana jibu la matangazo ni kazi yake. Mlango ukafungwa, na kina mama wakabaki nje wakijifanya wanasubiri jua lipungue.

— Sema, Papa Musafiri, Abbé alisema. Kizuizi gani?

— Mwanamuke hataki.

— Mimi? Célestine aliuliza. Mimi sitaki?

— Amekuambia hataki? Abbé aliuliza.

— Ameandika. Iko hapa.

Musafiri alitoa simu. Abbé alisoma polepole, kwa sauti, mpaka kwenye jibu. Halafu akamtazama Célestine.

— Mama, umemujibu sawa.

— Nilijibu sababu amefika muzuri! Anaandikaga vile. Nimefika muzuri, nami naandika sawa.

— Soma mwenyewe, Musafiri alisema.

Célestine alichukua simu. Aliinyoosha mbali. Akairudisha karibu. Akainyoosha tena. Wanaume watatu wakamngojea. Ndipo alipoacha yote, akakunja macho yake kwa nguvu, na ile mistari aliyoificha kwa wiki nyingi ikatoka yote, ikasoma naye. Alipofika pale pa *nilikuwa nakutaka mupaka mwisho*, alikaa kwenye kiti cha Abbé bila kukaribishwa.

— Haukusoma? Musafiri aliuliza.

— Sikusoma. Ningekunja macho.

— Na macho ikikunjwa inakuwa nini?

— Inatoka mistari.

Musafiri alimtazama Abbé. Abbé akamtazama Faradji.

— Na kulala chali kama maiti?

— Mto unakunjaka uso.

— Na chakula? Kuniletea kwa mukono wa mutoto?

— Ni moshi wa jiko, Baba Aimée.

— Na kucheka?

Célestine aliinamisha kichwa.

— Yaya Pascaline alisema kwa foto watu watafikiri mimi ni mama yako. Niliona kwa kioo ni kweli. Nilitaka siku moja tu, ukitazama ule ukuta, usione haya. Nakupenda, Musafiri. Ile komunyo naitaka, lakini kwanza nakutaka wewe. Niliogopa.

Hakumwita Baba Aimée. Alimwita jina lake, mbele ya padri, jambo ambalo mwanamke wa rika lake hafanyi. Musafiri alisogea, akapiga goti moja ili nyuso zao ziwe sawa.

— Sikiliza. Ile barabara ya Kabambare, kila mara nasema nitaiacha. Kitu kinanirudisha ni kimoja. Nikikata kona ya kwetu, naona macho yako mbele sijaona mulango. Iko nacheka tayari, na mimi sijazima hata moto, hii pikipiki yangu. Hizi wiki nimekata ile kona, nikakuta Aimée na mandazi. Nilisema: basi, nyumba imekufa. Nakupenda, Célestine. Na mimi niliogopa mpaka nikamupigia yaya Pascaline.

— Wewe pia?

— Mimi pia.

Wote wawili wakamfikiria Pascaline.

— Halafu haya gani ya foto? Musafiri aliendelea, akageuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha. Tazama hapa. Vumbi na jua, miaka yote bila miwani. Unaona?

Célestine alitazama. Ni kweli alikuwa hajawahi kuutazama uso huo vizuri. Pembeni mwa macho ya mume wake palikuwa na mitaro inayopitisha maji.

— Yesu, alisema. Kumbe umeharibika hivi.

Faradji alikohoa. Alikuwa ameshika daftari la matangazo kifuani na njaa ya Jumapili ilikuwa imeanza kumsumbua.

— Abbé, niandike nini? Kizuizi inabaki ao imetoka?

— Papa Musafiri? Abbé aliuliza.

— Kwangu imetoka.

— Mama Célestine?

— Kwangu bado, Célestine alisema.

Musafiri aliinuka nusu, rangi imembadilika.

— Bado nini tena?

— Mbuzi ilijibu nini?

Alichelewa kidogo kuelewa. Halafu uso wote ukamfunguka, akasimama katikati ya sakristia, akavuta kofia isiyokuwepo mpaka masikioni.

— Mama mukwe amepiga magoti, amegeuza uso kule. Anasema: karibu, mukwe wetu, habari ya safari. Mbuzi ikajibu: meee.

Bega la Célestine likaanza kutikisika.

— Mama mukwe akasikitika. Akasema: maskini, mukwe wetu barabara imemukausha koo, mumuletee maji na kiti. Wakaleta kiti. Halafu akageukia ule mutu wangu, amelowa, hana kofia, hana koti, anatetemeka. Akamuambia: na wewe, peleka mbuzi nyuma ya nyumba, uifunge vizuri.

— Na yeye akasema nini? Abbé aliuliza kabla hajajizuia.

— Atasema nini, Abbé? Mukwe habishangi na mama mukwe. Alisema ndiyo, mama. Akaenda nyuma ya nyumba. Mimi naondoka nimemuacha kule, anatafuta kitu cha kufunga.

Célestine alicheka. Alicheka kicheko cha mbuzi, akacheka cha jogoo wa Salamabila kilichokuwa kimelala kifuani, akacheka vya wiki zote. Macho yalipotea kabisa, ikabaki mistari tu, na machozi yakipita katikati yake. Nje, kina mama wa kivulini walisikia kicheko hicho, wakajua ndoa ipo, wakaondoka kwenda kupika.

Faradji aliandika: hakuna kizuizi.

Ndoa ilifungwa wiki iliyofuata. Célestine alipokea komunyo yake, na hakuna kitenge alichokipanga panga. Picha ilipigwa mbele ya mlango wa kanisa. Mpiga picha aliwaambia wasimame kwa heshima, Musafiri akamnong'oneza mke wake «meee», na ndiyo picha iliyopo ukutani leo: bibi harusi macho hayaonekani, bwana harusi amekunja uso kwa jua. Pascaline aliitazama siku ilipowekwa kwenye fremu, akatikisa kichwa.

— Musafiri, mudogo wangu, alisema. Hapa mutu atafikiri wewe ndiye baba yake.

Usifikiri Célestine aliacha dawa zake. Moshi bado anaukwepa, amehamisha jiko la mandazi upande upepo unakotoka, na kichwani ana kofia pana. Maji anakunywa. Ana miwani ya kusomea ambayo mume wake alimletea kutoka Salamabila, na ujumbe anasoma mpaka nukta ya mwisho kabla ya kujibu. Chakula anapakua mwenyewe. Alovera ya nyuma ya nyumba imeota upya, ila sasa inakatwa kwa ajili ya watu wawili.

Ukipita kwao Jumapili baada ya misa, utamkuta Musafiri amelala chali kwenye mkeka, vipande vya konkombre machoni, mikono kifuani. Célestine amekaa karibu na kichwa chake, anampaka taratibu pembeni mwa macho, na anamsimulia habari ya soko.

— Basi yule mama wa samaki akamuambia muteja wake...

— Usinichekeshe, Mama Aimée, anasema Musafiri, na konkombre zinaanguka.